Mfumo wa Kizuka

Hadjara Asmani alifungua duka la kutengeneza simu karibu na soko la Rumonge mara tu alipomaliza chuo Bujumbura, na watu wa kartye yake, yaani mtaa wake, walidhani atalifunga kabla ya mvua. Hakulifunga. Alibadilisha vioo vilivyopasuka, alifufua simu zilizoanguka ziwani, na pembeni ya kazi hiyo, bila kumwomba mtu ruhusa, akaanzisha kitu alichokiita Kapu.

Kapu lilikuwa duka la programu za simu, ila halikuwa na bei. Mtu alikuja, akaunganisha simu yake na mtandao mdogo wa pale dukani, akajichukulia anachotaka. Kila kilichokuwamo kilikuwa huria: yale maandishi ya maelekezo ambayo simu inayafuata, ambayo mafundi huyaita msimbo, yaliwekwa wazi, na yeyote angeweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Kulikuwa na kibodi ya Kirundi, kamusi, programu ya saa za sala na nyingine ya wakamuaji wa mawese.

Wenye kuliendesha walikuwa watatu. Wa pili alikuwa Nestori, mwalimu wa hesabu kutoka Kabezi, mtu wa shati lililopigwa pasi, ambaye alikuja kila Jumamosi. Wa tatu alikuwa Melkiades wa kijiji cha Kizuka. Melkiades alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akajifunza kompyuta huko kwenye mashine iliyogombaniwa na darasa zima, kisha akarudi Burundi na wazazi wake kulima michikichi kwenye ardhi ambayo hakuwahi kuiona. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akishashika jambo haliachi.

Programu iliyopendwa kuliko zote iliitwa Maji. Miaka hii ziwa limepanda. Limeingia kwenye nyumba, limekula vipande vya barabara, limewafanya watu wa ufukoni walale na virago vyao karibu na mlango. Maji ilikuwa ramani. Ilionyesha maji yamefika wapi leo na njia ipi inapitika, na watu wenyewe ndio waliotuma habari. Lakini ramani ilikuwa pia na mstari mwekundu. Mstari huo ulionyesha mpaka ambao sheria inakataza kujenga upande wake wa ziwani, na ulipita katikati ya parisela, viwanja vya ufukoni vilivyokuwa vikiuzwa kila wiki.

Penye jina la mwandishi wa Maji paliandikwa tu "Mtu wa ufuko". Hadjara peke yake alijua ni nani.

Basi kampuni kubwa ya ng'ambo, inayotengeneza mfumo wa simu, ile programu mama inayoendesha kila kitu tangu unapoiwasha simu, ikatoa tangazo. Karibu simu zote za Rumonge zilitumia mfumo huo. Tangazo lilisema kwamba muda si mrefu simu zitakataa programu yoyote ambayo mwandishi wake hajajiandikisha kwao, kwa jina lake halisi na kitambulisho chake. Walisema ni kwa usalama wa wateja.

Jumamosi iliyofuata watatu wale walikaa nyuma ya duka, mlango umerudishwa, wakabishana mpaka chai ikapoa.

"Tujiandikishe," alisema Nestori. "Tunaandika majina, tunaonyesha vitambulisho, tunaendelea. Wezi wa kwenye simu wako, hamuwezi kukataa. Mama yangu mwenyewe walimwibia hivyo."

"Wezi watajiandikisha wa kwanza," alisema Melkiades. "Mimi nasema tutengeneze mfumo wetu."

Hadjara alicheka. "Mfumo muzima? Sisi hawa? Umeme wenyewe tunaungoja kama mgeni."

"Sisemi tuanze na kiwanja kitupu. Msimbo wa ule mfumo sehemu kubwa iko wazi. Iko watu duniani wameshautoa kufuli. Tunauchukua, tunaushona upya uenee simu za hapa, tunaweka Kapu ndani yake. Hakuna mtu atakayesimama mlangoni kuuliza majina."

Nestori alitikisa kichwa. "Duka ni duka, Melkiades. Muuza ndagala hajengi barabara ya kuletea wateja."

"Na kama mwenye barabara ndiye anachagua nani apite, muuza ndagala atafanya nini?"

Wote wawili wakamgeukia Hadjara.

"Jina la mtu ambaye hakunituma silitoi," alisema. "Hilo liishe. Lakini mfumo nao siutaki. Tukiutengeneza ni wetu milele. Kila tundu atakalopitia mwizi ni letu kuliziba. Simu ya mama yeyote ikifa, imekufa mikononi mwetu. Tungoje kwanza. Labda watarudi nyuma."

Walingoja. Kampuni haikurudi nyuma.

Kati ya waliongoja, aliyekosa usingizi kuliko wote alikuwa msichana aitwaye Sikujua. Huyu ndiye aliyekuwa Mtu wa ufuko. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mpole wa sauti, aliyefiwa na baba akalelewa na baba yake mkubwa, mzee Lukeba. Na Lukeba ndiye aliyekuwa muuzaji wa zile parisela. Binti alifanya kazi kwenye biro ya mzee huyo, ofisi yake, akiwapeleka wanunuzi ufukoni kuonyeshwa viwanja. Jumapili mchana alikuja kwa Hadjara kujifunza kuandika programu, na Maji aliiandika hapo hapo, kwenye kompyuta yenye herufi zilizofutika.

"Nilikuwepo siku walipong'oa nguzo za mpaka," alimwambia Hadjara mara ya kwanza alipomwonyesha ile ramani. "Nguzo za sima, za saruji kabisa, zile za serikali. Walizitupa majini. Baba mukubwa alinituma niwaletee vijana soda. Sikusema kitu. Sasa naona watu wanajenga pale, wanaleta watoto wao."

Baada ya tangazo alikuja tena, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada Hadjara, wakitaka jina langu, utalitoa?"

"Sitalitoa."

"Hata wakilifunga Kapu?"

"Walifunge."

Hadjara alilisema haraka kuliko alivyokuwa na uhakika nalo. Binti huyo alipoondoka, Hadjara alibaki ameshika bisibisi bila kukumbuka alitaka kufungua nini.

Mabadiliko yalifika kimya kimya, kama yanavyofika mambo ya simu. Mtu alilala na simu yake, akaamka nayo ikiwa na tabia nyingine. Wa kwanza kuja dukani alikuwa mama Salima, mkaushaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya kuvusha mto. Simu yake mpya ilikataa Maji. Kila alipojaribu kuiweka, kioo kilimwandikia kwamba mwandishi wa programu hii hajulikani.

"Hajulikani na nani?" aliuliza mama Salima. "Mimi najua inanifaa. Inanionyesha kama njia ya kwenye vichanja vyangu iko kavu. Wao wanataka kumujua wa nini?"

Hadjara alimrudishia simu yake. Siku zile walikuja wengi, na wote aliwarudisha hivyo hivyo.

Nestori aliona mambo hayo Jumamosi mbili mfululizo, na moyo wake haukustahimili. Bila kuwaambia wenzake, alijiandikisha. Alitoa kitambulisho chake, akajitangaza kuwa mwandishi wa programu zote za Kapu, pamoja na Maji. Simu zikafunguka. Watu wakafurahi, wakampigia Hadjara kumshukuru, naye akapokea shukrani asizozielewa mpaka alipolikuta jina la Nestori juu ya ramani.

"Umejiweka kwenye moto usio wako," alimwambia.

"Jina langu halina doa, Hadjara. Mimi ni mwalimu. Acha walione."

Lukeba aliliona. Yeye hakuhitaji kumfuata mtu Kabezi. Alimlipa kijana wa mjini anayejua Kiingereza, wakaandika malalamiko kwa kampuni: ramani hii ni ya uongo, inaharibu jina na biashara ya mtu. Kampuni haikutuma mtu kuutazama ufuko, wala haikumuuliza Nestori. Iliiondoa Maji. Na kwa kuwa jina lake sasa lilikuwa na alama mbaya, ikafunga kila kilichokuwa chini ya jina hilo: kibodi, kamusi, saa za sala, programu ya mawese. Nestori alituma maelezo, akatuma tena. Alijibiwa na mashine. Hapakuwa na namba ya kupiga.

Siku chache baadaye Lukeba mwenyewe alikuja dukani. Alikuwa amevaa kofia nyeupe safi, na aliketi kwenye kigoda cha wateja kama mtu aliyekuja kutazama mgonjwa.

"Amahoro, mwana wangu. Baba yako tulisoma naye madrasa, unajua?"

"Amahoro, mzee. Najua."

"Basi nitasema nawe kama mtoto wa nyumbani. Yule mwalimu wa Kabezi hakuandika ile ramani. Ufuko wetu haujui. Aliyeandika amesimama pale na miguu yake. Nipe jina tu, mimi nitazungumza naye vizuri."

"Sitakupa, mzee."

"Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia."

Lukeba alitazama rafu za duka, vile visanduku vya betri na nyaya, akatabasamu kidogo. "Hadjara, kwenye masimu ya watu hakuna tena kitu chako. Kimefutwa. Umebaki na nini unachokilinda?"

"Nimebaki na msimbo," alisema Hadjara. "Uko hapa, uko Kizuka, uko kwa kila mtu aliyewahi kuunakili. Huo hawajaufuta, na wewe hutaufuta."

Mzee aliposhuka barazani, Hadjara alifunga duka mchana kweupe, akapanda pikipiki hadi Kizuka. Alimkuta Melkiades kwenye kikamulio cha mawese cha baba yake, amepakaa rangi ya machungwa mpaka viwikoni.

"Tunaanza na simu gani?" Hadjara aliuliza.

Melkiades alifuta mikono yake kwenye majani, polepole, kama anayeogopa swali lisije likabadilika. "Ile nyeusi ya bei ndogo," alisema. "Nusu ya soko wanayo. Na walioitengeneza waliacha njia ya mwenye simu kubadili mfumo."

Walifanya kazi kwenye chumba cha kuhifadhia madumu, chini ya paa lenye bamba la umeme wa jua. Hadjara alipanda Kizuka kila alipopata nafasi, na duka likapata sifa ya kufungwafungwa. Haikuwa kazi ya kupendeza. Simu ya kwanza, ya Hadjara mwenyewe, ilizimika wakati wa kubadilishwa na haikuwaka tena. Ya pili iliwaka bila sauti. Iliyofuata ilikuwa na sauti, lakini kamera yake ilipiga kila kitu kwa rangi ya kijani, na mama yake Melkiades alipojiona hivyo alikataa kuingia chumba kile kwa wiki nzima. Waliandika kwa watu wasiowajua, wa nchi ambazo hawajawahi kufika, waliokuwa wakifanya kazi kama yao, na watu hao waliwajibu, wengine kwa ukali, wengine kwa subira ya mwalimu.

Walichogombana zaidi ni mlango. Hadjara alitaka mfumo wao usizuie kitu chochote.

"Na mwizi je?" Melkiades aliuliza. "Nestori hakudanganya kuhusu wezi."

Wakakubaliana hivi: programu ngeni ikitaka kuingia, simu itamwambia mwenyewe kwa Kirundi au kwa Kiswahili kwamba haimjui aliyeiandika, itamweleza programu hiyo inataka kugusa nini, na itamuuliza kama anakubali. Kisha itamtii.

"Itauliza," alisema Hadjara. "Haitakataza. Simu ni ya mwenye simu."

Nestori walimwita kuja kuona. Alikuja, akaishika simu, akaigeuza, akairudisha mezani.

"Mumefanya kazi kubwa," alisema. "Lakini nawauliza. Mwakani tundu jipya likigunduliwa, nani ataliziba? Melkiades akiugua malaria? Wewe ukiolewa ukaenda Uvira? Munawapa watu kitu ambacho hamuwezi kukilinda."

"Na wale wanaoweza kukilinda walikufanya nini?" alisema Hadjara.

Nestori aligeukia mlango. Jeraha lile lilikuwa bado bichi, na Hadjara alijua ameligusa. Mwalimu aliaga kwa heshima, akarudi Kabezi, na Jumamosi zilizofuata hakuonekana.

Mtu wa kwanza kukubali simu yake igeuzwe alikuwa mama Salima. Aliirudia ile ya zamani, nyeusi, iliyokuwa kwa binti yake. Hadjara alimketisha akamweleza kila kitu kwanza, hata yale ambayo mwenye biashara angeyaficha.

"Ile programu ya kutuma pesa haitafanya kazi, mama. Inasema simu ya namna hii si salama."

"Mimi napiga nyota na namba, tangu mwanzo. Programu hiyo sijawahi kuifungua."

"Michezo mingine ya watoto haitakubali."

"Heri."

"Na ikifa, mama, nitakutafutia nyingine, lakini picha zako zitakuwa zimekwenda."

Mama Salima alifikiri kidogo juu ya picha. Kisha akaisukuma simu mezani. "Weka. Nimechoka kuambiwa na kitu nilichokinunua kwamba hakinitaki."

Simu haikufa. Mama Salima aliipeleka kwenye vichanja akawaonyesha wenzake, na kwa kuwa hakujua jina la mfumo, na Hadjara hakuwa ameupa jina, alisema tu kwamba simu yake imetengenezwa Kizuka. Hivyo watu wakaanza kufika dukani wakiulizia "mfumo wa Kizuka". Walikuja wakaushaji wa samaki, waendesha pikipiki, imamu mmoja aliyekosa saa zake za sala, na walimu wa Kigwena waliotaka kibodi ya Kirundi. Simu mbili zilikufa, na Hadjara alizilipa kwa kuwapa wenyewe simu za akiba yake, bila kubishana.

Mwezi wa nne mvua ilikataa kupumzika. Asubuhi moja ziwa lilivuka tuta la mchanga na kuingia kwenye parisela mpya za Lukeba, mahali ambapo familia zilikuwa zimehamia kabla sima haijakauka vizuri. Wenye mfumo wa Kizuka walianza kutuma habari kwenye Maji tangu kulipopambazuka: hapa maji magotini, hapa kiunoni, hapa usipite, nguzo ya umeme imelala. Mama Salima aliitazama ramani, akaona njia ya juu bado kavu, akawaongoza wanawake na watoto kupitia huko, akipiga kelele njia nzima kwa wasiokuwa na simu ile. Hakuna aliyekufa. Nyumba zilianguka, na jioni watu walikaa juu ya magodoro yaliyolowa kwenye uwanja wa shule, wakitazamana.

Hasira ilikuja kesho yake. Waliopoteza nyumba walianza kuuliza ilikuwaje wakauziwa pale, na mkuu wa kartye akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa ushirika wa wavuvi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Lukeba alikaa mbele, na alikuwa wa kwanza kuomba neno.

"Ndugu zangu, ziwa ni kazi ya Mungu," alisema. "Mimi sikuleta maji. Lakini kuna watu wametumia msiba huu kueneza ramani ya uongo, ramani iliyofutwa na wenye mfumo wa simu dunia nzima. Wameirudisha kwa mlango wa nyuma. Wamechukua telefone zenu, wametia ndani mfumo wa wizi. Na aliyeichora anaona haya kuonyesha uso. Kama ni mtu wa haki, kwa nini anajificha?"

Watu wakanong'ona. Mkuu wa kartye alimtazama Hadjara, aliyekuwa amesimama ukutani na Melkiades.

"Binti Asmani, maneno umeyasikia. Tutajie huyo mtu tumuhoji, mambo yaishe."

"Sitamtaja," alisema Hadjara.

"Unaelewa unaongea mbele ya nani?"

"Naelewa. Na nasema tena, sitamtaja. Ramani ina kosa gani? Jana ilisema maji yamefika wapi, na yalikuwa hapo hapo. Kama kuna anayesema mstari ni wa uongo, aende akaoneshe nguzo za mpaka ziko wapi."

Lukeba alisimama. "Basi hizo telefone zikusanywe mpaka uchunguzi ufanyike. Ni mali ya hatari."

Mkuu wa kartye alisitasita, kisha akanyoosha mkono kuelekea kwa wanawake waliokaa safu ya mbele. Hadjara alitoka ukutani akasimama kati yake na wao.

"Mzee, simu ni ya mwenye simu. Kampuni ilitaka kutuambia tuweke nini ndani yake, tukakataa. Na wewe tunakukatalia. Anayetaka kuitoa yake aitoe mwenyewe, kwa hiari yake. Mtu asiipokonye."

Hakuna aliyeitoa. Mama Salima aliichomeka yake kwenye mkunjo wa kitenge, akakunja mikono juu yake, akamtazama mkuu wa kartye machoni mpaka yule bwana akaushusha mkono.

Hapo ndipo kiti kilipokwaruza sakafu upande wa kulia, nyuma ya Lukeba kabisa.

"Ni mimi niliyeandika," alisema Sikujua.

Lukeba aligeuka. "Kaa chini, mutoto."

"Baba mukubwa, siku mlipong'oa nguzo nilikaa chini. Nilileta soda. Leo sikai." Alikuwa analia, lakini maneno yalitoka kamili. "Nguzo ya kwanza ilikuwa karibu na michikichi mitatu ya marehemu Nuhu. Ya pili mbele ya nyumba ya mama Ange, ile iliyoanguka jana. Nyingine ziko majini, atakayezamia atazipata. Mstari nimeuchora mahali zilipokuwa. Wewe umenilea, na nakuheshimu, na nitakuheshimu mpaka kufa. Lakini ramani sio uongo."

Ukumbi ulilipuka. Mama Ange, aliyekuwa amebeba blanketi la kuazima mabegani, alimfuata Lukeba mpaka mlangoni akimwita kwa jina lake tupu, bila mzee wala baba. Hadjara hakumtazama Lukeba. Alimtazama Sikujua, aliyebaki amesimama peke yake katikati ya viti vilivyopinduka, na alijisikia fahari na hofu kwa pamoja, kwa sababu siri ambayo yeye Hadjara aliilinda kwa meno, binti mwenyewe ameitoa kwa mikono miwili, na sasa hakuna awezaye kumrudishia. Alimwendea, akamshika mkono, wakatoka pamoja.

Usiku huo Sikujua hakulala kwa baba yake mkubwa. Alihamia kwa mama yake Hadjara, na mpaka leo anaishi huko. Wazamiaji walizitoa nguzo mbili kutoka majini. Komine, yaani utawala wa eneo, ilisimamisha uuzaji wa parisela zile, na kesi ya walionunua bado iko mahakamani, inasogea kama zinavyosogea kesi. Lukeba huonekana msikitini na sokoni. Akikutana na Sikujua huitikia salamu yake, basi. Mara moja alituma mtu ampelekee binti nguo zake zilizobaki, zimekunjwa vizuri, na Sikujua alikaa na mfuko ule mapajani mchana kutwa.

Mfumo wa Kizuka nao haukuishinda dunia. Programu ya pesa bado inaukataa. Tundu lile alilolitabiri Nestori lilipatikana kweli, na Melkiades alikuwa na homa kweli, na Hadjara na Sikujua waliliziba wenyewe kwa siku kadhaa za kutokula vizuri. Baada ya hapo Nestori alishuka kutoka kwenye basi, shati limepigwa pasi kama zamani, akaingia dukani akaketi.

"Bado nasema mulikosea njia," alisema. "Kazi hii ni kubwa kuliko ninyi."

"Karibu chai," alisema Hadjara.

"Lakini watu wa Kabezi wananisumbua. Ziwa limeingia kwao pia. Wanataka ramani, na wanataka simu isiyowauliza majina." Akavua saa yake, akakunja mikono ya shati. "Nionyeshe mulivyoliziba lile tundu. Kama nitawawekea watu kitu, lazima nijue kinavujia wapi."

Wiki ile ile alikuja kijana mmoja mfanyabiashara na simu mpya inayong'aa, akitaka mfumo wa Kizuka. Hadjara aliichomeka kwenye kompyuta, akajaribu, akajaribu tena kwa njia nyingine, kisha akaichomoa.

"Hii siwezi. Wameifunga tangu kiwandani. Hata wewe uliyeinunua hawakukuachia njia."

"Ah! Kumbe wamewashinda."

"Kwa hii, ndiyo. Siku ukinunua nyingine, uliza kwanza dukani kama mwenye simu anaruhusiwa kuingia ndani ya simu yake. Wakikucheka, ondoka, nenda duka jingine. Waambie na wenzako waulize hivyo."

Kijana aliondoka akinung'unika. Kule nyuma ya duka Melkiades alikuwa ametandaza mezani simu za aina nyingine, zilizotumika, zilizoletwa kutoka Kigoma, na Nestori na Sikujua walikuwa tayari wanabishana waanze na ipi. Hadjara akavuta kiti, akachukua iliyokuwa karibu, akaifungua mgongo.